Aliyetangulia Kuonja

Glasi zilikuwa tatu, wageni wawili, na mwenye bia hakuwa na nia ya kunywa. Hetal aliliona hilo kabla hata hajakaa.

Mumewe Rahul hakuona kitu. Rahul si mlevi, tusimsingizie, ila ana ugonjwa wa kuonja: akisikia mahali kuna kiwanda kidogo cha bia, hata iwe nchi ya watu, lazima afike. Walitoka Nakuru, Kenya, kuja kuwasalimia ndugu wa Hetal pale Mlandege, Iringa, na sasa wako Igowole, saa sita mchana, ukungu umelalia mashamba ya chai utadhani ndiyo kwanza kunakucha.

"Kamwene! Karibuni wageni," Lusia, mwenye kiwanda, alisema akizisogeza glasi. "Bia ya ulezi hiyo, nimeitia ulanzi wa mianzi ya hapahapa. Kunyweni jamani."

"Onja kwanza, dada," Hetal alisema.

Rahul aliona aibu. "Hetal! Mtu anatukaribisha."

"Mama yangu kazaliwa Mlandege. Huku anayekukaribisha pombe anaonja yeye kwanza, uone haina kitu, ndipo akupe. Hata mtoto anajua."

Lusia alicheka kidogo. "Nina vidonda vya tumbo, mwenzangu."

Makubwa! Anapika bia, na ana vidonda vya tumbo. Na hiyo glasi ya tatu ni ya nani? Hetal alimshika mumewe mkono, akamnong'oneza, "Usinywe mpaka anywe yeye. Niahidi."

"Haya, nimeahidi."

Nyuma ya pazia la turubai kitu kikagonga bati, mara tatu.

"Mtambo huo," Lusia alisema, haraka mno. Ikapita harufu ya udi, pale palipotakiwa kunuka chachu tu. Hetal aliulizia choo, ila miguu ilimpeleka kwenye turubai.

Nyuma yake palikuwa na pipa kubwa jeusi, na kando ya pipa mwanaume amekaa kwenye kigoda, kajifunika blanketi, miguu yake imelowa hadi magotini wakati sakafu ni kavu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza kama ya mtu anayeonja.

"Dada, sema polepole, anasikia," alinong'ona. "Mimi Brayson, mume wa Lusia. Pipa hili tulilinunua Makongolosi, kwa wachimba dhahabu, kumbe lina mwenyewe ndani. Anayetangulia kuonja bia yake, huyo anamfuata, hamwachi mpaka atangulie mwingine. Nilitangulia mimi, kama desturi. Huu mwezi wa nane siinuki hapa. Watu wa huku wote wanangoja mwenye pombe aonje kwanza, na Lusia anaogopa, ndiyo maana anatafuta wageni. Nimemwambia ni dhambi, hasikii. Kimbia, mzuie mumeo!"

Hetal aligeuka akakimbia, akajikwaa kwenye magunia ya ulezi, akainuka, moyo unamdunda, udi umemjaa puani na mdomoni mpaka anautema, na nyuma yake bati linagonga, linagonga, kisha likanyamaza ghafla, akalivuta turubai kwa mikono miwili akiliita jina la mumewe.

Lusia alikuwa anakunywa. Glasi yote, ile ya Hetal, machozi yanamtiririka.

"Umeonja!" Hetal alishusha pumzi. "Umeonja, dada. Asante Mungu."

"Nimeonja," Lusia alisema, hamtazami.

Turubai likasogea. Brayson alitoka anatembea mwenyewe, miguu mikavu, anapepesa macho kwenye mwanga. "Lusia," alisema, "nina njaa. Kuna ugali?"

Ndipo Hetal alipoitazama glasi ya Rahul. Ilikuwa nusu. Povu lilikuwa kwenye masharubu yake. Na ile glasi ya tatu, ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa tupu.

"Kidogo tu, mke wangu," Rahul alisema. "Ulichelewa, nikamtangulia yeye."

Hetal alimkokota hadi kwenye gari, analia, anamtukana Lusia kwa Kigujarati. Akaingia, akafunga mkanda. Rahul hakuingia. Alifungua mlango wa nyuma, akasubiri kwa adabu, akaufunga taratibu. Gari likadidimia kidogo upande ule.

"Rahul, umemfungulia nani?"

Alikaa kwenye usukani, midomo yake inachezacheza.

"Anauliza," alisema, "Nakuru ni mbali?"