Ndoo Yenye Maua ya Waridi

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kiranja wa darasa la sita alikuwa amekwisha kufika. Alifagia, akapanga madawati yakanyooka kama uzi, halafu akasimama mbele ya ndoo ya maji ya kunywa na kuitazama kama mama anavyomtazama mwanawe aliyevaa nguo mpya. Ndoo ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Aliichora maua ya waridi kuanzia ukingoni mpaka kwenye koki, kisha akaifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe.

"Asiisugue mtu!" aliwaonya wenzake. "Rangi itabanduka. Maji yakipungua, ongezeni tu."

Nao wakaongeza tu, wiki nenda, wiki rudi.

Siku hiyo nesi wa zahanati alikuwa anakuja kuchagua Darasa Nadhifu. Zawadi ilikuwa kabati la vitabu vya hadithi, vipya vinavyonukia gundi, na Kiranja alikuwa akiliota hata mchana. Aliondoa kitambaa ili akikung'ute vumbi. Mfuniko ukateleza, ukafunguka.

Harufu ilimpiga puani kama kofi. Maji yalikuwa yameota ngozi ya kijani, nyororo kama makamasi. Chini yake viluwiluwi vya mbu vilijinyonganyonga. Ute ulikuwa umeganda pembeni pote, na katikati alielea mende aliyevimba, tumbo juu, mguu mmoja umeshanyofoka. Kiranja akakumbuka kikombe alichokunywa jana. Alikimbilia dirishani, akatema mate nje.

"Kumbe ndiyo maana matumbo yetu yananguruma wiki nzima!" alisema Kasuku, jirani yake wa dawati, aliyekuja kuchungulia. "Lo! Huyu mende alikuja kuoga au alizikwa humu?"

"Nyamaza! Nesi huyo anakuja."

"Basi funika! Tutamwaga akishaondoka. Kwani yeye atakunywa?"

Kiranja akafunika. Vidole vilinata. Akavifuta kwenye sketi, bado vikanata.

Darasa zima lilipokwisha kuketi, nesi aliingia pamoja na mwalimu wa Kiswahili. Alipitisha kidole juu ya madirisha, akainama chini ya madawati, kisha akasimama mbele ya ndoo.

"Jamani, maua haya! Fundi ni nani?"

"Ni mimi, nesi," alijibu Kiranja, akimeza mate yaliyomjia na ladha ya mende. Siku nyingine angevimba kichwa. Leo sifa zile alizisikia kama kilemba cha ukoka.

"Mwalimu, sioni wa kuwashinda hawa," alisema nesi, wakaanza kutoka.

Mlangoni walipishana na mtoto wa darasa la kwanza, kikombe mkononi. Wadogo wale hawakuwa na ndoo yao, walizoea kuja kuchota hapa.

"Shikamooni," alisema, akaenda moja kwa moja kwenye koki. Maji yakatiririka, ukiyatazama huyadhanii kitu. Chini ya dawati, Kasuku alimkanyaga Kiranja mguu, yaani kausha. Mtoto akainua kikombe.

"Usinywe!"

Kiranja aliruka, akakipiga kikombe kikaenda kugonga ukuta. Mtoto akaangua kilio.

"Dada, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mdogo wangu. Ni mimi."

Akafunua ndoo mbele ya wote. Nesi akaziba pua. Mwalimu alichungulia mara moja tu, akageuza uso.

"Niliona asubuhi," alisema Kiranja, machozi yakimlenga. "Niliona, nikafunika."

"Uzuri wa mkakasi..." sauti ilinong'ona nyuma.

"...ndani mende!" ikamaliziwa. Kicheko hakikufika mbali.

Kabati lilikwenda darasa la tano. Mchana ule darasa la sita waliimwaga ndoo shimoni, wakaisugua kwa sabuni na brashi. Ute uliingia kwenye kucha za Kiranja. Alifumba macho, akasugua tena, na maua yakabanduka moja baada ya jingine. Mwishowe wakaisuuza na kuijaza maji yaliyochemshwa.

"Haya niambieni," alisema mwalimu, "nadhifu maana yake nini?"

"Ya kupendeza, mwalimu!" alidakia Kasuku.

"Hiyo ni nusu. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni safi. Sisi twalitumia hata kwa kitu cha kupendeza, lakini usafi bado ndio mzizi wake. Ninyi mlitaka ua bila mzizi." Kisha akamgeukia Kiranja, na sauti yake ikalainika. "Na wewe, mwanangu, umekosea kuficha, na kabati umelikosa. Ila mtoto wa watu umemwokoa. Uchafu wa ndoo hutolewa kwa brashi. Ule wa moyoni hutolewa kwa kusema kweli, hata kama mdomo unatetemeka."