Makumbi Mabichi ya Mwantumu

Haya niliambiwa na shangazi yangu, Bi Mafunda binti Othmani, mwaka nilioacha shule nikiwa darasa la nne. Tulikuwa tumekaa chini miguu imenyooka, tunapiga makumbi ya nazi. Yeye aliambiwa na bibi yake. Nayaandika kama alivyoyasema, na hasira iliyomo ilikuwa yake, ingawa sasa imekuwa yangu pia.

Zilikuwa zama za majumbe, bunduki bado chache pwani na kila mji una ngoma zake na vita vyake. Mji wa Fumbwe ulikaa ndani ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Upande wa nchi kavu ulikuwa na ukuta wa mawe, lakini upande wa maji haukuwa na kitu ila safu ya boriti za mikoko, zimechomekwa matopeni kama meno ya mzee, moja hapa na nyingine kule. Mtawala wake alikuwa Jumbe Tambwe, mtu mrefu, joho lake jeusi lina tarizi ya dhahabu, jambia lake lina mpini wa pembe ya kifaru, na masikio yake ni mawili ambayo hakuyatumia sana.

Mwaka huo watu wa Magonge walikuja wakavichoma vyombo vyote vya Fumbwe. Walivikuta vimepandishwa ufukweni vinapakwa deheni, ile chokaa iliyokorogwa na shahamu ili mdudu wa majini asile mbao. Shahamu ilishika moto, vikateketea mpaka mkuku, ule uti wa chini. Kisha zikaja habari kwamba watarudi wakati wa bamvua, maji makubwa yatakapoweza kuingiza vyombo vizito horini, na safari hii wana bunduki arobaini za utambi. Jumbe akaamuru viundwe vyombo vitatu vya vita, viwatangulie adui huko nje.

Zilibaki siku ishirini na sita.

Sasa ujue, chombo cha zama zile hakikupigwa misumari. Mbao zilitobolewa, zikashonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi, na kamba ndiyo iliyokuwa uhai wa watu ndani yake. Makumbi yalikuwa kazi ya wanawake. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake kwenye tope ambalo maji hulifunika na kuliacha. Aliyafukia makumbi humo, akayapanga mawe juu, akangoja miezi tisa yaoze vizuri. Hakuna aliyefungua shimo la mwenziwe. Mwenyewe ndiye aliyetoa kumbi moja, akaliponda, akatia nyuzi mdomoni akatafuna. Zikiwa na ukakasi alizirudisha. Zikibaki na chumvi tupu, aliyafukua yote.

Mkuu wa mashimo yale alikuwa Mwantumu binti Faki, mjane, mwanamke mfupi mwenye mikono myeusi ya tope na ulimi usiolala njaa. Mdogo wake wa tumbo moja, Vuai, alikuwa fundi mkuu wa kushona vyombo. Na ilikuwa ada ya Fumbwe kwamba fundi aliyeshona chombo cha vita hupanda chombo hicho hicho safari ya kwanza, akae chini ndani, mahali ambapo maji huingia kwanza.

Jumbe alipeleka askari mashimoni asubuhi, bila kumwuliza mtu. Walichomachoma tope kwa mikuki kutafuta makumbi yalipo. Mwantumu alipofika mbio aliwakuta askari wawili wanavuta mkuki mmoja uliokwama ndani ya shimo, hautoki, na mwenye mkuki anatukana. Mashimo mengine yalikwisha fumuliwa. Makumbi ya miezi tisa na ya miezi minne yamemwagwa rundo moja, na wanawake wamesimama kando.

Jumbe mwenyewe alikuwapo, chini ya mwavuli wake.

"Mengi ya haya yana miezi minne," Mwantumu akamwambia. "Yanataka mitano tena."

"Magonge hawatatungoja miezi mitano."

"Basi yaambie makumbi hivyo, Jumbe. Mimi hayanisikii."

Askari mmoja akacheka, kisha akakumbuka alipo.

"Kamba ni kamba, bibi wewe," Jumbe akasema. "Sokoteni."

"Kamba mbichi ikinywa maji inakatika. Utawatia watu sitini baharini ndani ya kikapu."

"Fundi wangu amesema itafaa."

Mwantumu akageuka akamtafuta ndugu yake. Vuai alikuwa nyuma ya mwavuli, anatazama miguu yake.

"Nitazipaka mafuta ya papa mara mbili, dada," akasema. "Mkono wangu unaujua."

"Mkono wako naujua, niliuosha mimi ukiwa mchafu. Kamba hii ndiyo siijui. Na wewe ndiye utakayekaa chini ndani. Umelifikiria hilo, au umefikiria tu joho atakalokuvisha?"

Na hapa shangazi alikuwa akiacha kupiga, anashika mchi wake hewani. Alisema hasira ya Mwantumu haikuwa ya kupiga kelele. Jumbe alikuwa haelewi, na mtu asiyeelewa unaweza kumsamehe. Vuai alikuwa anaelewa.

Wanawake walisokota kwa amri, askari wamesimama juu yao. Makumbi yalikuwa yamechanganyika, na kamba zikishapakwa mafuta ya papa zote huwa rangi moja, nzima na mbovu. Vuai na mafundi wake walishona mchana wote, siku kumi na tisa. Vyombo vitatu vikasimama juu ya magogo, virefu, shingo zimenyooka, matanga mapya ya miyaa iliyosukwa. Vilikuwa vizuri. Hilo nalo lilimuudhi Mwantumu, kwamba vilikuwa vizuri.

Siku ya kushusha, mji wote ukatoka. Ngoma zikapigwa, siwa, lile baragumu la enzi, ikalia, wanawake wakaja na vyetezo vya udi. Mwantumu alikuja na bakuli la chokaa mkono mmoja na mchi mdogo mkono wa pili. Akapita katikati ya wachezaji mpaka kwenye chombo cha kwanza. Akaingiza ncha ya mchi chini ya mshono mmoja, akauzungusha kama mtu anayekamua nguo. Mshono ukakatika. Akaupaka chokaa. Akaenda wa pili, ukakatika. Wa tatu ukahimili, akauacha. Wa nne ukakatika.

"Mtoeni huyo," Jumbe akasema.

Askari wakasogea. Lakini rafiki yake Mwantumu, mwanamke mkubwa wa mwili aliyeitwa Mwana Zamu, alikwisha weka chetezo chake chini akasimama njiani.

"Nipiteni," akasema. "Mlango ni huu, kama mtu ana ngazi."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimpa Mwantumu muda. Wanawake wengine wakachukua michi. Katika kila mishono kumi, saba ilikatika. Ubavu wa chombo ukageuka mweupe kwa chokaa, na wale watu sitini waliokuwa wamevaa kanzu zao za vita wakautazama ubavu ule bila mtu kuwaeleza kitu. Mmoja akavua ngao yake begani akaiweka mchangani. Wenziwe wakafuata.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Jumbe akamjia Mwantumu karibu, akasema kwa sauti ya chini, na safari hii hakusema kama jumbe.

"Zimebaki siku saba. Umenivunjia vyombo. Sasa watu hawa nitawakinga na nini?"

"Ungeniuliza hivyo siku ile ya kwanza, ningekuwa na siku ishirini na sita."

"Nakuuliza leo."

Mwantumu alikuwa anaukumbuka ule mkuki na askari wawili wanaouvuta. Kumbi lililooza huachia, lakini kumbi bichi lililolowa hushika, na mchi ukilipiga hurudi juu. Miaka yote alikuwa akilirudisha shimoni kwa sababu hiyo hiyo.

"Niletee majamvi," akasema. "Yote ya mji. Ya msikitini tutaomba ruhusa. Na uondoe askari wako mashimoni mwangu."

Walishona jamvi kwa jamvi kama mfuko, kwa zile kamba chache zilizohimili mchi. Wakajaza makumbi mabichi, wakayashindilia kwa miguu mpaka kila mfuko ukawa mnene kama urefu wa mkono. Wakayalaza kwenye maji ya bahari yakanywa yakashiba. Wakayatoa yakiwa mazito, watu wanne kwa jamvi moja, wakayapaka tope la mashimo nje ili mishale ya moto isipate pa kushika.

Siku ya tatu Jumbe alikuja kutazama na bunduki yake, ya pekee mjini.

"Nitajuaje kwamba inazuia?" akauliza.

"Piga," Mwantumu akasema. "Vuai, njoo usimame nyuma."

Vuai akamtazama. "Dada."

"Ulikuwa tayari kufa juu ya kamba zangu mbichi kwa kuwa Jumbe amesema. Simama nyuma ya makumbi yangu mabichi kwa kuwa mimi nimesema."

Vuai alikuwa mtu wa miaka arobaini, ana ndevu na wake wawili, na alikwenda akasimama. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana chini ya jamvi. Jumbe akawasha utambi, akalenga, akapiga. Moshi ulipoondoka, Vuai bado amesimama. Mwana Zamu akatia mkono kwenye tundu mpaka kiwiko, akatafuta, akaitoa risasi imebonyea kama tende iliyokanyagwa.

"Imechoka kabla ya kufika," akasema.

Mwantumu hakucheka. Watu waliomwona uso wanasema alikuwa mweupe kuliko bakuli lake la chokaa, kwa maana alikuwa na hakika, lakini ndugu alikuwa mmoja tu.

Magonge waliingia horini asubuhi ya bamvua, maji yamejaa pomoni, vyombo tisa. Walitegemea kuona boriti za mikoko na watu nyuma yake. Waliona safu ya mifuko ya tope, imening'inizwa juu ya boriti kutoka ncha moja ya mji hadi nyingine. Wakacheka, wakauliza kwa sauti kama watu wa Fumbwe wameamua kupigana wakiwa kitandani. Wakapiga bunduki. Wakapiga tena. Mishale ya moto ikaja kama mvua, ikachomeka katika tope, ikafuka moshi, ikazimika. Nyuma ya majamvi wanawake walipita na ndoo wakilowesha, na wapiga upinde wa Fumbwe wakajibu kupitia nafasi zilizoachwa.

Magonge wakazidi kupiga, kwa hasira sasa, maana ilikuwa aibu kushindwa na matandiko. Wakasahau maji. Na maji ya bamvua hutoka kama yalivyoingia, kwa haraka na mbali. Walipogutuka vyombo vyao vimeegama matopeni, baruti imekwisha, na hori limekauka mpaka mdomoni. Ndipo watu wa Fumbwe wakayashusha majamvi, wakatoka nayo mbele yao polepole, watu wanne kwa jamvi moja, mikuki pembeni. Magonge wengi walitupa silaha. Waliobaki walikimbia kwa miguu, na tope la Fumbwe halikimbiliki. Vyombo vyote tisa vilibaki.

Jumbe Tambwe alikaa barazani mchana ule ule. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wazee wake waliotangulia, akasema kwamba wazo la majamvi lilimjia baada ya sala. Akamvisha Vuai joho kwa ushujaa wa kusimama mbele ya bunduki. Katibu akaandika. Shangazi alisema karatasi ile ilisomwa Fumbwe kwa vizazi vingi, kila mwaka, na ndani yake hamna mwanamke hata mmoja, wala shimo, wala kumbi. Magodoro ya Jumbe Tambwe, ndivyo ilivyosema. Mimi nilipomuuliza mbona hawakuirekebisha, alinitazama akaendelea kupiga.

Mwantumu hakwenda barazani. Mashimo yalikuwa matupu, na shimo tupu ni miezi tisa bila kamba. Yeye na wenziwe walikuwa wanafukia makumbi mapya wakati maji yako mbali. Vuai alimkuta anapanga jiwe la mwisho, wengine wamekwisha kwenda zao.

"Ulikuwapo alipoyasema?" Mwantumu akauliza bila kuinua kichwa.

"Nilikuwapo."

"Na mdomo ulikuwa nao?"

"Jumbe alikuwa anasema, dada."

"Siku ya mashimo pia alikuwa anasema. Utakuja kufa hivyo, Vuai, kwa adabu."

Vuai akalivua joho, akamnyooshea. Mwantumu akaitazama ile tarizi, kisha akaitazama mikono yake yenye tope, akalikataa kwa kichwa tu. Akaenda kwenye jamvi moja lililokuwa limetupwa ufukweni, lina matundu kumi na mbili, akajilaza juu yake kwenye jua. Siku saba hakuwa amelala usingizi wa kueleweka.

"Sema ulichokuja kusema," akamwambia, macho ameyafumba.

Vuai akachutama karibu yake akaanza. Alianzia mbali, kama wanavyoanza watu wazito wa kukiri. Akamtaja mama yao. Akautaja ufundi aliourithi, na namna Jumbe alivyomwita usiku mmoja na kumwita mwanangu. Akasema aliijua kamba siku ya kwanza aliyoishika. Akasema alikuwa akiamka kila asubuhi anajiambia leo nitasema. Alipolifikia neno lenyewe, neno la kuomba radhi, Mwantumu alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma.

Vuai angeweza kulisema hapo, akainuka, akaenda kuwaambia watu kwamba amelisema. Lakini Vuai alilikunja joho akaliweka magotini, akamngoja dada yake aamke ili aanze upya. Jua likampiga utosini. Kichwa kikainama, kikainuka, kikainama tena, na naye akalala hapo hapo, amekaa.