Kabureta ya Merv

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya yalimpata rafiki yangu Trev, hapa hapa Kalgoorlie, Australia.

Baba yake wa kambo, Merv, alikuwa akiirekebisha kabureta ya gari lake kwa sikio tu. Akimaliza, anaigonga kwa bisibisi mara mbili, ngo, ngo, na Trev aliyekaa kwenye usukani anawasha. "Huku usiguse, mzembe we!" Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani ya Merv.

Merv alipokufa, Trev akarithi gari. Siku ya mazishi akaing'oa ile kabureta, akaiponda kwa nyundo, akafunga injekta na kompyuta mahali pake.

"Nimekukomoa, mzee!" akacheka, akatoka kwenda kununua nyama ya kuchoma.

Njiani, mchana kweupe, injini ikaanza kuvuta hewa kwa ule mkoromo wa kabureta. Akazima gari. Mkoromo haukukoma. Akafungua boneti, akainama, akapenyeza mkono karibu na feni iliyosimama.

Ngo, ngo.

Gari likawaka.

Trev alinionyesha mkono uliobaki na vidole vitatu.

"Ufunguo," akaninong'oneza, "nilikuwa nimeutia mfukoni."