Kipande cha Mkate Kabla ya Upasuaji

Kila asubuhi, kabla majirani hawajafungua madirisha, msumeno wa seremala ulikuwa umeshaanza kazi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, ukuta mmoja tu kutoka jikoni, na binti yake wa miaka kumi na miwili alizoea kupika chai kwa kusikiliza mlio ule. Msumeno ukinyamaza, alijua baba yu karibu kuingia, vumbi la mbao limemjaa nyweleni, akiuliza kama chai iko tayari.

Binti huyo walimwita Pilipili kwa sababu ya hasira zake. Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Kibonge. Mama yao alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga, kwa hiyo nyumba ilibaki mikononi mwa baba, mtu asiyependa maneno mengi. Alizoea kusema anazipenda mbao kwa sababu haziulizi maswali.

Asubuhi moja msumeno haukulia. Baba aliingia jikoni amevaa shati lake la kwendea msibani.

"Mdogo wako asile kitu," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimesema asile."

"Hata chai?"

"Wewe binti, una masikio au mapambo?"

Kisha akamgeukia Kibonge, sauti ikawa laini kama sifongo. "Baba, leo tunakwenda kutazama magreda! Yale makubwa ya kuchonga barabara!"

Kibonge alirukaruka kwa furaha. Pilipili alihisi damu inamchemka. Alijua kabisa kwamba hawaendi kwenye magreda. Kibonge alikuwa na ngiri, uvimbe kwenye kinena uliotokeza kama limau kila alipolia au kukohoa. Daktari alikuwa amesema utumbo unaweza kunasa pale, kwa hiyo apasuliwe haraka. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Baba alijua, Pilipili alijua, na mwenye tumbo hakuambiwa kitu.

Baba alipotoka kwenda kufunga karakana, Kibonge alianza kulia. "Dada, njaa."

"Nyamaza kidogo."

"Njaa inauma!"

Alilia mpaka uvimbe ukatokeza. Pilipili aliogopa, na chini ya ule woga palikuwa na hasira. Baba gani humnyima mtoto mgonjwa chakula bila hata kusema sababu? Akakata kipande cha mkate, akakichovya kwenye chai ya maziwa, akampa. Kibonge alikimaliza kwa kufumba na kufumbua, akaomba kingine, akapewa.

"Usimwambie baba," Pilipili alimnong'oneza huku akimfuta mdomo.

Hospitalini walimvisha Kibonge gauni la kijani lililomfika vidoleni. Nesi mmoja mwenye miwani alikuja na faili. "Mtoto amekula au kunywa chochote tangu usiku wa manane?"

"Hajala," alijibu baba, akatia sahihi.

Pilipili alitazama viatu vyake.

"Baba, magreda yako wapi?" aliuliza Kibonge.

"Yanakuja."

Hayakuja magreda. Alikuja mtu na sindano, akamchoma mkononi ili kumwekea mrija wa dawa. Kibonge alipiga yowe lililosikika mpaka getini. "Baba muongo! Baba muongo!" Baba alimshika kwa nguvu, jasho likimtoka.

Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mama mwenye binti mdogo. "Nesi, hata maziwa funda moja haruhusiwi?" aliuliza.

"Hata funda moja, mama," alisema nesi. "Mtoto akipewa dawa ya usingizi, mwili wote unalegea. Chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kuingia kwenye mapafu. Na hawezi kukohoa, amelala. Watoto wamekufa hivyo."

Pilipili alipogeuka, kitanda cha Kibonge kilikuwa kinasukumwa kuelekea mlango mkubwa wa chumba cha upasuaji. Mlango ukafunguliwa. Ndipo alipokimbia.

"Simameni! Amekula!"

Magurudumu yakasimama. Kila mtu kwenye ukumbi akageuka.

"Umesema nini?" aliuliza baba.

"Nilimpa mkate. Vipande viwili, na chai ya maziwa. Saa kumi na mbili na nusu."

Daktari wa usingizi alitoka, barakoa imening'inia kidevuni. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Leo haiwezekani. Rudini baada ya wiki moja."

Uso wa baba uligeuka. Alikuwa amefunga karakana, amewaacha wateja wakinung'unika, hakulala. Mkono ukapanda juu.

"Mzee, ushushe mkono huo," alisema nesi. Hakupaza sauti, lakini mkono ulishuka. "Mtoto huyu amemwokoa ndugu yake sasa hivi. Ulimwambia kwa nini asile?"

"Mtoto akiambiwa asifanye, hafanyi. Sababu za nini?"

"Mimi nilikueleza wewe dakika kumi nzima, ukaniuliza maswali matano. Yeye ulimweleza kwa dakika ngapi?"

Nesi akamgeukia Pilipili, macho yakiwaka nyuma ya miwani. "Na wewe usijione umeponea. Ulinisikia nikiuliza, ukanyamaza. Ungechelewa dakika tano..." Hakumalizia. Pilipili alijimalizia mwenyewe, akalia njia nzima.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama chungu kilichofunikwa huku moto ukiwaka chini yake. Baba alipigilia misumari kana kwamba anailipiza kisasi. Hakumsemesha Pilipili ila kwa lazima: "Chumvi." "Ufagio." Pilipili naye alikuwa na hasira ya pande mbili, kwa baba na kwa nafsi yake, na hakujua ipi ni kali zaidi.

Lakini aliyekasirika kuliko wote alikuwa Kibonge. Alikataa kukaa mapajani mwa baba. Baba akimwambia njoo uoge, alimwangalia dada yake kwanza. "Dada, ni kuoga kweli?" Baba akimwambia njoo ule, alikwenda kuchungulia sufuria kabla ya kukaa. Mtoto wa miaka minne alikuwa anakagua kila neno la baba yake kama askari mpakani.

Jioni ya mwisho kabla ya siku ya kurudi hospitalini, Pilipili alikuwa anafagia karakana. Baba alijifuta mikono, akaita, "Kibonge! Kesho tunakwenda kwa shangazi."

Kibonge alimtazama mara moja tu, akaingia chini ya meza ya kazi na kukumbatia mguu wa meza. Baba akamvuta mguu. "Toka huko! Unanichezea?" Kibonge akapiga mayowe, na uvimbe ukatokeza.

Pilipili alitupa ufagio. "Mwache! Wewe ndiye unayemdanganya! Ulimdanganya wiki iliyopita, unamdanganya tena leo! Atakuaminije?"

Hakuwahi kumpazia baba sauti namna ile. Alisubiri kofi. Baba aliuachia mguu wa mtoto, akabaki amechuchumaa, kichwa chini. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye maranda ya mbao, shati na suruali na yote.

"Kibonge," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kesho si kwa shangazi. Ni hospitali."

Kilio kilikoma. Jicho moja likachungulia.

"Tumboni mwako ndani kuna kitundu kidogo. Utumbo unachungulia hapo, ndiyo maana panavimba. Daktari atakishona."

"Kwa sindano?"

"Kwa sindano. Lakini utakuwa umelala, hutasikia akishona. Ukiamka, patauma. Siku kadhaa patauma, tutakupa dawa."

"Patauma sana?"

Pilipili aliona baba anatafuta neno tamu, kisha akaliacha. "Sijui, mwanangu. Mimi sijawahi kushonwa hapo. Lakini ukifungua macho utaniona."

"Na magreda?"

"Hayapo. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utalia. Nisamehe."

Kibonge alifikiri, akatoka taratibu, akiwa na maranda nyweleni kama kishungi cha jogoo. Halafu baba akamgeukia Pilipili na kumweleza mambo yote aliyoambiwa hospitalini: saa ya mwisho ya kula, saa ya mwisho ya kunywa maji, na sababu yake. Alieleza kwa dakika kumi nzima. Pilipili aliuliza maswali saba.

"Samahani kwa kukupigia kelele," alisema mwishoni.

"Kelele tutazizungumza siku nyingine," alisema baba. "Maneno yenyewe yalikuwa sawa."

Safari hii Kibonge alilia njaa asubuhi, na baba na dada walimwambia neno lile lile: huli kwa sababu ya dawa ya usingizi. Alinuna, akatupa viatu, lakini hakula. Sindano ilipokuja baba alimwambia, "Inauma sasa," na Kibonge akalia kama kawaida, ila safari hii alilia akiwa ameng'ang'ania shingo ya baba.

Upasuaji ulichukua chini ya saa moja. Kitanda kilipotolewa kuelekea chumba cha kuamkia, mhudumu alinyoosha mkono mlangoni. "Wazazi wanasubiri nje."

"Nimemwahidi akifungua macho ataniona," alisema baba.

"Ndio utaratibu, mzee."

"Nimeshamdanganya vya kutosha, ndugu yangu. Sitamdanganya tena." Hakupiga kelele, lakini mishipa ya shingo ilimsimama, na hakusogea hata inchi. Nesi mwenye miwani akatokea, akamwangalia, akachukua gauni safi na barakoa, akampa. "Mpishe aingie."

Kupitia kioo, Pilipili aliona Kibonge akiamka. Hakuamka na tabasamu kama kwenye picha za vitabu. Aliamka na ghadhabu, akirusha ngumi, akimpiga baba kifuani, akipiga kelele, "Toka! Toka!" Baba aliinama pale pale akipokea ngumi. Pilipili aliweza kusoma midomo yake: "Nipo. Kasirika tu. Nipo."

Walipewa ruhusa kurudi nyumbani siku ile ile na masharti: jeraha lisiloweshwe, mtoto asiruke wala kubeba vitu, dawa ya maumivu itolewe kwa saa zilizopangwa. Baba aliandika saa hizo kwa kalamu ya seremala ubaoni, na kila dozi aliweka alama. Kibonge alifutwa kwa kitambaa badala ya kuoshwa, akalalamika kwamba anapanguswa kama meza.

Siku ya nne maumivu yalipungua na ukorofi ukarudi. Pilipili alikuwa anasoma chumbani, akasikia kishindo. Kibonge alikuwa ameruka kutoka kitandani. Kwenye plasta palikuwa na doa jekundu.

"Usimwambie baba," alisema Kibonge haraka.

Pilipili alisimama kama aliyemwagiwa maji. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya asubuhi ile ya mkate. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akapaza sauti juu ya msumeno. "Baba! Ameruka kitandani. Nilikuwa nasoma, sikumwangalia. Plasta ina damu."

Uso wa baba uliwaka. Alifungua mdomo, akaufunga, akauweka msumeno chini. "Asante kwa kuniambia. Twende."

Kwenye chumba cha vidonda nesi mwenye miwani alivaa glavu. "Nabandua plasta."

Kibonge alimtazama baba yake. "Itauma?"

"Kidogo."

Akampa baba mkono, akafumba macho. Plasta ikabanduka, akaguna. Mshono ulikuwa salama. Ngozi tu ilikuwa imechubuka pembeni. Nesi alisafisha, akafunga upya, akamgombeza mrukaji kwa kidole.

Walipotoka, baba alikaa kwenye benchi la ukumbini, Kibonge mapajani, akamvuta Pilipili karibu.

"Siku ile uliposimamisha kitanda," alisema, "nilikasirika sana. Nilidhani nimekukasirikia wewe. Kumbe ni aibu yangu. Mimi nilimdanganya mgonjwa, wewe ukamdanganya nesi kwa kunyamaza, na uongo wetu wote wawili ulikuwa unakwenda kuishia tumboni mwa huyu. Mgonjwa hupona kwa dawa na kwa ukweli pia. Daktari hawezi kutibu kitu alichofichwa, na mtoto hawezi kumtegemea mtu anayemficha. Ukiwa na kosa, liseme mapema, hata kama mimi nimekasirika. Hasira zangu zitapoa. Mambo mengine hayarudi."

"Na wewe utaniambia sababu?" aliuliza Pilipili.

"Nitakuambia."

"Hata ukiwa na haraka?"

Baba alitaka kukasirika kidogo, akacheka. "Hata nikiwa na haraka."