Kituo Kilichofunguliwa kwa Kalamu

Kila siku ya shule, saa nane na nusu mchana, basi liliwashusha Peris na rafiki yake Jepkoech mbele ya jengo walimoishi mjini Riyadh. Peris alifungua mlango, akavua viatu, akawasha kiyoyozi, akapasha chakula moto kisha akaketi na madaftari yake. Mama yake, Pauline, alikuwa muuguzi. Baba yake, Bwana Wambua, alikuwa na ofisi katika mtaa wa Olaya, na kazi yake ilikuwa kukagua mizani za maabara za hospitali.

Juma hilo utaratibu ulivurugika. Siku ya Ijumaa, Waziri wa Kazi kutoka Kenya, Mheshimiwa Hezron Mbithi, angekutana na Wakenya katika hoteli moja huko Olaya. Mama Euphrasia, mwenyekiti wa jumuiya, alimchagua Peris, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, asome wasifu wa mgeni kwa dakika nne. Tangu siku hiyo Peris hakutulia. Alikariri akitembea sebuleni, akakariri akipiga mswaki, na usingizi ukamkimbia.

Nusu ya kwanza ya wasifu ilikuwa rahisi. Mbithi alifundisha hisabati huko Kitui kwa miaka tisa, akawa mkaguzi wa kazi, akachaguliwa kuwa mbunge mara mbili, na sasa alikuwa na miaka miwili wizarani. Nusu ya pili, iliyohusu vipaumbele vyake, ndiyo iliyomsumbua. Katika hotuba aliyoipata mtandaoni, waziri alitaja mambo matatu: mikataba ikaguliwe kabla ya mtu kusafiri, mafunzo yaongezwe, na kituo cha msaada kwa wafanyakazi wa nyumbani kifunguliwe Jeddah fedha zikipatikana.

Peris aliyaona maneno hayo hayana nguvu. Nani angempigia mtu makofi kwa jambo ambalo hajalifanya? Akaandika: "Amefungua kituo cha msaada mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, kinachopokea wafanyakazi wa nyumbani kila Alhamisi." Mtaa huo aliujua kwa sababu Emily, rafiki wa mama yake, alifanya kazi za nyumbani huko. Alhamisi aliitia kwa kuwa sentensi ilipendeza zaidi ikiwa na siku.

"Bi Waziri," Jepkoech alimwambia ndani ya basi, "hicho kituo umekiona?"

"Kiko kwenye hotuba."

"Nimekuuliza kama umekiona."

"Una wivu tu."

"Wivu wa nini? Mimi nitakuwa nimeketi nakula sambusa. Ni wewe magoti yatagongana mbele ya watu."

Jumanne Mama Euphrasia alimrekodi Peris akifanya mazoezi, akaituma sauti hiyo katika kundi la simu la jumuiya. "Msikilizeni binti yetu," aliandika. Kufikia Jumatano ilikuwa imesambazwa hadi Jeddah na Dammam. Pongezi zilimiminika. Hakuna aliyeuliza jengo lilipo.

Alhamisi Peris aliporudi kutoka shuleni, aliikuta simu ya mama yake mezani, imesahaulika kwenye chaja. Palikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Emily. Peris aliufungua, kwa maana Emily hakukosa kumsalimia yeye pia.

Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Mama Peris, unajua mkataba wangu uliisha miezi mitatu iliyopita. Pasipoti anayo madam, na nikimuuliza ananiambia halas, nyamaza. Leo saa kumi anawapeleka watoto kuogelea. Nimetia nguo kwenye mfuko wa takataka, nitatoka kama mtu anayekwenda kuutupa. Nitakiulizia hicho kituo alichosema Peris, si kiko hapa hapa mtaani? Mwambie mtoto asante sana. Nazima simu, madam ameamka."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Peris alimpigia Emily. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena, akazunguka meza, akapiga mara ya tatu. Jeddah ilikuwa zaidi ya kilomita mia tisa kutoka alipokuwa amesimama. Kwa mazungumzo ya wakubwa alijua jambo moja: kafili, yaani mwajiri mdhamini, akiripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, ikama yake, kibali cha kukaa nchini, huharibika, na kurudi nyumbani kunageuka kuwa safari ya kupita polisi na ofisi za uhamiaji.

Alijua pia kwamba angeweza kuufuta ujumbe ule. Mama yake asingejua, na kesho angesimama ukumbini kama ilivyopangwa. Kidole chake kilikaa juu ya skrini kwa muda. Kisha akamwona Emily akilini mwake, akitembea juani na mfuko mweusi, akiulizia jengo ambalo halikuwa popote isipokuwa kwenye daftari. Akampigia baba yake.

"Baba, kituo cha Jeddah hakipo."

"Kituo kipi?"

"Kile cha kwenye wasifu. Nilikitunga. Waziri alisema tu kwamba anataka kukifungua. Na sasa anti Emily anatoroka saa kumi kwenda kukitafuta."

Bwana Wambua hakupaza sauti. "Nani mwingine yuko karibu naye?"

"Anko Elly, dereva wa nyumba ya jirani. Namba yake iko kwenye simu ya mama."

"Mpigie. Mwambie yote, usipunguze kitu. Mimi napiga ubalozini. Yalla, haraka."

Elly alipokea mara ya nne.

"Anko, mimi ni Peris, binti wa Pauline wa Riyadh."

"Ahaa, Peris wa waziri. Ulisema vizuri, bwana."

"Nilidanganya, anko." Akaeleza hadi mwisho.

Elly alisimamisha gari kando ya barabara. "Wewe mtoto. Mimi mwenyewe nimewatumia watu sita hiyo sauti yako. Haya, nageuza gari."

Saa kumi na dakika ishirini simu iliita. Elly alikuwa amemkuta Emily kwenye kona ya duka la dawa. Emily alikuwa amewauliza walinzi wawili. Wa kwanza alimjibu mafi, hakuna kitu kama hicho, wa pili alianza kumhoji jina la bosi wake. Sasa Elly alikuwa akimrudisha nyumbani, na madam alikuwa bado hajafika.

"Peris," Emily alisema katika simu ya Elly, akihema. "Niliamini kwa sababu ni wewe."

Asingeweza kusema neno zito kuliko hilo.

Ubalozini simu ya baba yake haikupokelewa. Jioni Mama Euphrasia, baada ya kusikia habari hizo, alipiga simu. "Ondoa tu hiyo sentensi, mwanangu. Kesho hakuna atakayeikumbuka. Mgeni haletwi mbele ya watu aaibike."

"Waliotumiwa na anko Elly wataikumbuka," Peris alijibu. "Nikinyamaza, bado wataamini kituo kipo." Akarekodi ujumbe wa kukanusha, akautuma katika kundi lile lile.

Ijumaa Jepkoech alikuwa ameketi na sambusa yake, kama alivyosema. Peris alisoma kuhusu Kitui, ukaguzi wa kazi na bunge. Alipofika kwenye vipaumbele, alisema, "Jumanne mlinisikia nikisema Mheshimiwa amefungua kituo Jeddah. Hajakifungua. Nilitunga mimi, na mtu mmoja alikaribia kuumia. Alichosema ni kwamba kitafunguliwa fedha zikipatikana."

Viti vililia watu wakigeukiana. Mama Euphrasia aliinamisha uso. Waziri alisimama, akaomba ile karatasi, akaisoma polepole kama mwalimu anayesahihisha hesabu.

"Nani alikugundua?"

"Anti Emily, Mheshimiwa. Bila kukusudia." Akasimulia habari za mkataba na pasipoti.

Waziri alimwita afisa wa kazi wa ubalozi. "Chukua jina na tarehe ya mkataba. Nataka jibu Jumatatu." Kisha akaugeukia ukumbi. "Kituo bado sina. Mkikutana nami mwakani, niulizeni swali hili hili."

Afisa aliwasiliana na wakala aliyemleta Emily, na wakala akambana madam. Ilichukua siku kumi na tisa pasipoti kurudishwa. Siku ya ishirini Emily alituma ujumbe kutoka uwanja wa ndege wa Jeddah: "Nimekaa mlango wa kumi na mbili. Safari hii niliuliza kwanza kama huo mlango upo."

Peris alicheka, halafu akaacha. Baba yake alikuwa akifuta miwani kando yake.

"Mizani ikikosea gramu moja," Bwana Wambua alisema, "yenyewe haiumii. Anaumia mgonjwa aliyepimiwa dawa kwa mizani hiyo, na huenda hata hajui mizani iko wapi. Neno lako ni hivyo hivyo. Lipime kabla halijatoka, na ukigundua limekosea, lifuate upesi hadi lilikofika, kama ulivyofanya."

Peris alichukua kalamu. Juma lililofuata alitakiwa kusoma shuleni habari za mji wa Riyadh. Kando ya kila sentensi aliandika mahali alipoitoa, na ile aliyokosa mahali pake akaikata.