Vie ya Mwisho kwenye Daraja la Saba

Wasimulizi wa visa kama hiki huanza kwa kusema kwamba kilimpata jirani, au binamu wa rafiki, ili mkiwabana wawe na pa kukimbilia. Mimi sina pa kukimbilia. Kilinipata mimi, Théo, hapa Kamina, mchana kweupe, siku za Jumapili baada ya ibada. Mama yangu alizikwa bila kukijua, na hilo nalo ni kosa langu.

Ilikuwa mwaka 1999. Vita ilikuwa inakaribia kufikisha mwaka mmoja. Treni za kwenda kaskazini zilibeba askari, za kurudi zilibeba majeruhi, na shule zilifunguliwa wiki moja zikafungwa mbili. Baba, aliyekuwa mwalimu kwa Wamethodisti, alikuwa amekwisha kufa. Nyumbani tulibaki watatu: Mama Clotilde, kaka yangu Matthias mwenye miaka kumi na tisa, na mimi wa kumi na saba. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, ingawa kwa kimo nilikuwa nimempita.

Starehe yetu ilikuwa moja tu, nyumba ya Bokungu. Huyu alikuwa fundi umeme wa reli, mtu wa mkoa wa Équateur aliyeletwa Kamina na kazi, kazi ikafa naye akabaki. Alikuwa na televisheni, mashine ya michezo iliyofika na wachuuzi wa Zambia, maneti mbili, vile vishikio vya vitufe vya kuchezea, na jenereta ndogo iliyokohoa nyuma ya jiko. Kaseti ya mchezo iliyofanya kazi ilikuwa moja tu. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo mchezo tuliupa jina wenyewe: Pont ya Saba, yaani Daraja la Saba.

Askari wawili, wa bluu na mwekundu, wanavuka madaraja saba huku wakipigwa risasi kutoka kila upande. Kila mmoja anaanza na vie tatu, yaani maisha matatu, na idadi inaonekana juu ya skrini. Hakuna aliyewahi kuvuka daraja la saba. Bokungu alipenda kutuambia kwamba mchezo huohuo aliuona zamani kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji, ndani ya sanduku refu la mbao lililosimama kwenye klabu ya maofisa.

"Ile ya Base ilikuwa kali," alisema. "Kule, ukikufa, umekufa. Hii ya kunyumba njo iko na huruma."

Huruma yenyewe ilikuwa kitufe kimoja. Katika toleo hili la nyumbani, aliyeishiwa vie aliweza kukibonyeza akachukua moja ya mwenzake. Bokungu alituwekea sheria, nasi tuliishika kuliko amri za kanisani. Mwenye kuishiwa lazima aombe: "Unipe moya." Mwenye nazo lazima ajibu: "Kamata." Hapo ndipo unabonyeza. Ukichukua kimyakimya, unatolewa nje mbele ya watu.

Jumapili moja ya mwezi wa tano nilifia daraja la sita. Yaya Matthias alikuwa amebakiwa na vie mbili. Sikuomba. Nilibonyeza tu. Yaya akanigeukia, akanitazama. Hakunishitaki kwa Bokungu. Aliendelea kucheza na ile moja niliyomwachia.

Hazikupita dakika tano, lori likasimama nje.

Waliingia askari watatu wakasema wanahitaji vijana wa kwenda kufundishwa Base. Mmoja wao alininyooshea kidole mimi, kwa kuwa nilikuwa mrefu. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka.

"Musimukamate ule," yaya alisema, akasimama mbele yangu. "Ule iko mutoto. Mukamate miye."

Wakamkamata yeye. Alipanda lori na shati lake la kanisani. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu yangu mirefu kumwambia mama.

Nilikaa wiki saba bila kukanyaga kwa Bokungu. Aibu ilinizuia, si huzuni, msinipe sifa nisizostahili. Nilipokwenda, chumba kilikuwa kitupu. Wazazi wote walikuwa wamewaficha watoto wao. Bokungu aliniwashia mashine, nami nikachagua kucheza peke yangu.

Askari wa bluu akatokea. Nyuma yake akatokea mwekundu.

Nikadhani nimekosea kuchagua. Nikaitazama maneti ya pili. Ilikuwa sakafuni, juu ya saruji, waya wake umejikunja. Hakuna aliyeishika.

Mwekundu akaanza kutembea.

Alipofika daraja la kwanza aliruka mara mbili papo hapo kabla ya kuingia. Katika Kamina nzima nilimjua mtu mmoja aliyekuwa na mazoea hayo. Bokungu alikuja akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake.

"Théo," alinong'ona. "Ule njo nani?"

Kwenye daraja la nne mwekundu alianguka, na vie yake ilikuwa ya mwisho. Idadi yangu ilikuwa tatu. Ikawa mbili. Mwekundu akainuka. Kisha pua yangu ikatoka damu, nyingi, ikalowesha suruali.

Mama Clotilde alikuwa na desturi ya kwenda stesheni kila treni ya majeruhi ilipoingia, kuuliza habari za mwanawe. Baada ya siku kumi na moja alirudi na kipande cha karatasi. Nilimsomea mwenyewe. Yaya aliandika: *Dimanche, saa tisa, bombe ilianguka mu shimo yetu. Tulikuwa batano. Nilibakia miye moya. Nilisikia sawa muntu ananisukuma mugongo. Mama, usilie.*

Mama alipiga magoti akamshukuru Mungu. Mimi nilihesabu siku kwa vidole. Ilikuwa Jumapili ileile. Ilikuwa saa ileile.

Tangu hapo nilicheza kila Jumapili. Bokungu hakutaka. "Hii kintu haiko ya kuchezea," alisema. Nilimsihi, nikamwambia ni yaya, nikamwonyesha barua. Naye alikuwa mtu wa moyo mwororo, akakubali. Angekataa, angekuwa na nyumba hadi leo.

Jumapili nyingine mwekundu hakuhitaji kitu, nami nilitoka pale nikipiga mluzi. Jumapili nyingine alianguka. Mara ya pili alipochukua, sikio langu la kushoto lilizima, ghafla, kana kwamba mtu ameliziba kwa kidole. Halikusikia tena. Mara ya tatu niliamka kesho yake mkono wa kulia umekuwa baridi, na ukabaki hivyo, hata nikiuweka juu ya mkaa. Nilikonda. Mama akanichemshia majani, akaniombea, akaniuliza nina nini. Nilimwambia malaria.

Nilimpenda kaka yangu. Nataka mlijue hilo kabla sijafika ninapofika. Nilimpenda, lakini kila Jumamosi jioni nilianza kujiuliza mara ya nne itachukua nini. Jicho? Moyo? Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilitaka kuishi, na kutaka kuishi kulinifanya mtu mdogo sana.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Jua lilikuwa kali. Wimbo wa kwaya ya Wakatoliki ulisikika kutoka mbali, kwa sikio moja. Siku hiyo tulicheza kama malaika, yaya na mimi. Tulivuka daraja la tano. Tukavuka la sita. Bokungu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Tukafika la saba.

Mwekundu aliruka mara mbili. Akaingia. Akapigwa. Akainuka. Akapigwa tena.

Sifuri.

Mimi nilibaki na moja.

Nikangoja pua, nikangoja mkono. Hakuna kilichotokea. Idadi yangu haikushuka. Mwekundu alikuwa amerudishwa mwanzo wa daraja, akiwaka na kuzimika, kama mchezo unavyofanya ukikupa nafasi ya kuomba. Alikuwa amenigeukia. Yule askari hakutengenezwa kugeuka hivyo.

Hakuchukua. Alikuwa anafuata sheria.

Katika sikio langu lililokufa, lile la kushoto, ikaingia sauti ndogo.

"Théo. Unipe moya."

Neno lilikuwa moja tu. Kamata. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kulisema. Ulimi wangu ulikuwa mzima, koo langu zima. Lori halikuwepo, bunduki haikuwepo.

"Théo," sauti ilirudia. "Moya tu."

Nikamgeukia Bokungu.

"Zima," nikasema.

"Weye unaona? Ndugu yako anaomba..."

"Zima!"

Hakuzima. Nilizima mimi. Niliung'oa waya ukutani kwa mkono wangu wa baridi, na skrini ikawa nyeusi. Maneti ya pili ilikuwa bado sakafuni. Kitufe chake kilikuwa kimebonyea ndani, na hakikurudi juu.

Habari ilifika baada ya wiki tatu. Ililetwa na askari mmoja, Nyembo, aliyerudi bila mguu. Alikaa kwenye kiti cha baba, mama akiwa chini kwenye mkeka.

"Ilikuwa dimanche," alisema. "Tulikuwa tunakimbia ku daraja ya mbao. Benzetu bote balivuka. Matthias alisimama pa mwanzo ya daraja. Tulimuita. Hakukimbia. Alikuwa sawa muntu mwenye anangojea kintu."

"Alikuwa anangojea nini?" mama aliuliza.

"Sijue, mama. Alikuwa anasema polepole, mara mbili. Hatukusikia."

Mama alilia hadi sauti ikakauka. Nilimshika mabega. Nilikuwa nimepona, fikirieni, mkono wangu ulikuwa umepata joto tangu siku ile niliyoung'oa waya, na sahani yangu nilianza kuimaliza.

Kilichofuata mtu wa Kamina angekibashiri. Watu walikuwa wameniona nikikonda Jumapili hadi Jumapili. Walikuwa wamemwona Bokungu, mgeni, mtu asiye na mke wala ukoo hapa, akijifungia nami mchana na mashine inayonguruma. Kaka amekufa, mdogo mtu nusura amfuate. Wakajumlisha. Alasiri moja wakaja na mitwangio na jerikani, majirani wa avenue yetu, wengine tuliimba nao kwaya. Mashine waliiponda. Nyumba waliichoma.

Bokungu alipigwa mpaka mdomo ukapasuka. Aliniona nimesimama kando ya mama.

"Théo, weye unajua," alisema. "Ubaambie."

Kila mtu akanitazama. Mama pia. Hata yeye angeniamini, nadhani.

Niliinamisha kichwa. Wao wakasema, mwoneni, bado anamwogopa.

Walimtupa kwenye behewa la mizigo lililokuwa likielekea Luena. Sijui kama alifika. Mama alikufa miaka tisa baadaye akimlaani Bokungu kwa jina, kila usiku katika sala, na mimi nikisema amina.

Sasa nina mvi na ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi za mkoa. Binti yangu Gloire alirudi likizo kutoka chuoni Lubumbashi na mashine ndogo ya kushika mkononi, iliyojaa michezo ya zamani. Kumbe siku hizi kuna watu wanaoikusanya, wanaipenda, wanalinganisha matoleo yake. Akanionyesha kwa furaha, maana niliwahi kumsimulia madaraja saba na sanduku la Base, si zaidi ya hapo.

"Papa, angalia. Huu si ule mulikuwa munacheza wakati ya vita? Iko na version ya kunyumba, na ile ya sanduku ya mubao."

Nilitaka kumrudishia. Sikuweza. Nilichagua ile ya sanduku kwa makusudi, ile kali ya Base, ambayo aliyekufa amekufa na hakuna wa kumwomba mwenzake. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, jikoni kwangu. Vidole vilikumbuka kila kitu. Nilivuka sita. Kwenye la saba nikapigwa, nikapigwa, nikapigwa.

Sifuri. Nilishusha pumzi. Nilidhani nimelipa kitu fulani.

Sifuri ikawa moja.

Askari wa bluu akainuka. Sikuwa nimegusa kitufe. Sikuwa nimeomba.

Katika sikio la kushoto, lililokuwa limekufa tangu 1999, nikasikia mtu akivuta pumzi kwa shida, kama aliyekimbia njia ndefu. Halafu sauti ya kijana wa miaka kumi na tisa, bila hasira yoyote.

"Kamata."

Mashine ilinidondoka. Gloire akaja mbio.

"Papa, unalia nini?"

"Hii version," niliuliza, "mutu anaweza kupana vie?"

"Hapana, papa. Ile njo ya kunyumba tu."

Nilikwenda hospitali nikapimwa masikio. Daktari aliniambia yote mawili ni mazima, kisha akaniuliza nani alinidanganya kwamba moja ni kiziwi.

Mashine iko kabatini, Gloire aliiacha. Niliizima mwenyewe siku ile, na tangu hapo haijachajiwa. Jana nililifungua kabati kutafuta karatasi nikakuta skrini inawaka. Askari wa bluu amesimama mwanzo wa daraja la saba, anangoja, na juu yake pameandikwa moja. Nililifunga kabati. Yaya alinipa, na mpaka sasa sijathubutu kuitumia.