Mteja Asiye na Sura

Picha ilikuwa nzuri, ila mtu mmoja hakuwa na uso. Wenzake sita walikaa wameduwaa mbele ya ukuta wa chokaa. Yeye alisimama nyuma yao, na juu ya kola yake palikuwa na doa jeupe.

Fundi wa kurekebisha picha chakavu hakushtuka. Kazi yake ndiyo hiyo. Aliiuza mtandaoni, kwenye soko la mafundi wanaojitegemea, na wateja asiowahi kuwaona walimtumia picha zilizoliwa na mchwa. Huyu aliandika maneno machache tu: ampe mtu huyo sura yoyote atakayoona inafaa.

Akamchorea. Mteja akajibu, bado. Akarudia. Bado. Mara ya tatu chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua, na madirisha yote yalikuwa wazi.

Asubuhi iliyofuata mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alitoka chumbani ameshika kioo kidogo.

"Mwanangu," alinong'ona, "hebu nitazame. Uso wangu upo?"

"Upo, mama."

"Basi mbona kioo hakiuoni?"

Fundi akachungulia kiooni, akaona mtandio, akaona shingo, na mahali pa uso akaona doa jeupe, kisha akageukia kompyuta aliyoizima kwa mkono wake mwenyewe, akaikuta inawaka, na yule mtu wa nyuma anamtazama kwa macho ya mama yake, anatabasamu kwa mdomo wa mama yake, na chini yake mteja ameandika: Sasa tumekaribia.

Mama, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akamsihi kwa sauti ya chini ampe jini huyo anachotaka. Yeye mwenyewe, alisema, ameshazeeka, uso wa nini tena. Hapo ndipo hasira zilipompanda fundi.

Alivuta kiti, akakaa. Akaanza kumfuta mtu yule kuanzia viatuni, akijaza chokaa mahali pake, huku kitu kikimpumulia kisogoni. Mteja akatishia kumharibia jina, asipate kazi tena sokoni humo.

"Andika utakavyo," fundi alisema bila kugeuka. "Uso wa mama yangu hauuzwi."

Akamalizia kola, na uso uliokuwa juu yake ukatoweka. Harufu ikakatika. Mama akainua kioo, akajiona, akalia.

Mteja alimpa nyota moja kati ya tano. Kesho yake tangazo lile lile likatokea sokoni: anatafutwa fundi wa kumpa mtu sura. Chini yake fundi akaandika onyo, kwa jina lake kamili. Likafutwa. Akaliandika tena. Mpaka leo kila asubuhi hulikuta limefutwa, na kila asubuhi huliandika upya, kabla hata hajanawa uso.